Ufunguo wa Mwili

Mlango wa Jumba la Kamusi ulimwambia Mwachofi kwamba hayupo.

Ulimwambia kwa adabu, kwa sauti aliyoichagua yeye mwenyewe enzi zile alipokuwa akiamua kila kitu. Alirudi nyuma, akakohoa, akausogelea tena akiburuta mguu wa kushoto. "Hayupo," ulisema mlango. Makarani waliokuwa wakirejea kutoka chakula cha mchana walimpita huku na huku, na kwa kila mmoja wao mlango ulifunguka kabla mguu haujatua, kisha ukajifunga mbele ya pua ya yule mzee mwenye mdomo uliopinda. Hakuna aliyemshika mkono. Katika mji wa Chalbi, mtu ambaye mlango umesema hayupo ni vigumu hata kumsalimia. Utamwitaje?

Talaso Guyo alimwona kutoka dirisha la ghorofa ya pili, akaendelea kunywa kahawa yake mpaka machicha. Yeye ndiye aliyekuwa mhandisi mkuu wa Kamusi, mwanamke mwembamba aliyefika umri wa kustaafu akakataa kustaafu, na watu walisema alizaliwa na mdomo uliobetuka. Walikosea. Dharau aliisomea kazini, na mwalimu wake wa kwanza alikuwa huyuhuyu aliyekuwa akibishana na mlango pale chini.

Aliposhiba kutazama, alishuka akamfungulia.

"Karibu, Mheshimiwa," alisema. "Nasikia hupo."

Mwachofi alijaribu kujibu, maneno yakamtoka yamelowa, yamekosa kingo. Aliyejibu ni mkewe, Mkamburi, aliyekuwa amesimama kando na kikapu cha nguo kama mtu asiyejua atalala wapi. Alieleza kwamba walikwenda Taita kumwona binti yao, na huko mumewe akapatwa na kiharusi. Alilazwa msimu mzima. Walipokuwa njiani kurudi walidhani taabu imekwisha. Lango la mji likawaonyesha kwamba ndiyo kwanza inaanza. Yeye alipita. Mume wake alizuiwa kwenye vumbi pamoja na wauza mbuzi, mpaka akaandikiwa kibali cha mgeni, na kibali chenyewe kilikuwa kinakwisha. Karani wa lango, kijana wa kumzaa, alimshauri amsajili upya kama mhamiaji.

Talaso alisikiliza bila kukatiza, kwa sababu alikuwa akisikiliza wimbo aliousubiri maisha yake yote.

Maana siku moja, mji huu ulipokuwa bado nguzo na maturubai juu ya chumvi ya jangwa, na kuba la vioo likiwa bado kwenye michoro, waliitwa mbele ya Baraza kuamua jinsi Kamusi itakavyowajua watu. Kamusi ni kitu chepesi kueleza: unaipa ufunguo, inakupa thamani uliyoihifadhi chini ya ufunguo huo. Thamani ndiyo ingekuwa maisha ya mtu mzima: nyumba yake, mgao wake wa maji, kazi, watoto, magonjwa, amri za mahakama. Kilichobaki ni ufunguo uwe nini. Mwachofi alisimama amevaa suti ya rangi ya maziwa, akasema uwe mwili. Sura, sauti, mwendo. Kadi hupotea, alisema, namba huibwa, lakini nani ataiba mwendo wa mtu? Wakampigia makofi. Talaso, msichana wa Marsabit aliyekuwa ameketi viti vya nyuma, aliinua mkono akasema kwamba ufunguo haufai kuwa kitu kinachobadilika. Kwamba ukiweka kitu chini ya ufunguo kisha ufunguo ukageuka, kitu hubaki mlemle ndani na hutakipata tena. Mwachofi alicheka. Aliwaambia wajumbe kwamba binti yetu anaogopa wakazi wa Chalbi wataamka asubuhi wamevaa nyuso za majirani. Baraza lilicheka mpaka likajifuta machozi. Yeye akapata kiti cha ujumbe, Talaso akapata kazi ya kuitunza Kamusi, yaani kufagia nyuma yake.

Na sasa mwenye suti alikuwa amesimama juu ya bamba la kusomea, mate yakimtiririka upande mmoja.

Kamusi ilimsoma. Ilichukua uso wake uliolegea, sauti yake iliyokwama, hatua zake zisizolingana, ikavigeuza vyote kuwa tarakimu moja ndefu, na tarakimu ile ikaiambia iende kijumba gani kati ya vijumba vyake vyote, mahali ilipohifadhi thamani ya kila mkazi wa mji. Ikaenda. Kijumba kilikuwa kitupu.

"Hayupo," ilisema.

"Mimi ni shahidi," alisema Mkamburi. "Huyu ni mume wangu. Mimi nimemlisha kwa kijiko."

"Kamusi haihitaji shahidi, mama," Talaso alimjibu. "Wala haitafuti. Inakwenda palepale ilipoelekezwa, na ikikuta hamna inasema hamna. Ndiyo maana milango inafunguka haraka mnavyopenda." Kisha akamgeukia mgonjwa. "Mzee akiota mvi kidogo kidogo, inamfuata; kila mlango anaopita inaurekebisha ufunguo wake kwa unywele mmoja. Lakini mwili ukigeuka kwa mkupuo, tena mbali na milango yetu, haina habari. Mwachofi wa zamani bado yumo ndani, kwenye kijumba chake, mzima, mwenye meno yote. Wewe ndiye huna njia ya kumfikia. Unaelewa? Nilidhani ungeelewa."

Mwachofi alielewa. Jicho lake zima lilionyesha hivyo, na Talaso alijiruhusu kulifurahia jicho lile kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa uungwana.

*

Palikuwa na njia moja ya kumpata: kupita kijumba baada ya kijumba, vyote, na kusoma kilichomo. Kamusi haikuundwa kwa kazi hiyo, na Talaso alipoianzisha milango ya mji mzima ilianza kusitasita, watu wakajigonga vipaji vya nyuso na kutukana mafundi. Ili kurahisisha alitafuta jambo moja tu: kijumba chenye mtu hai ambacho hakijaguswa tangu Mwachofi aondoke, au kabla.

Alitarajia kimoja. Akakuta mtaa mzima.

Walikuwa wengi hivi kwamba mwanzoni alidhani ameandika swali vibaya, akaliandika upya, wakaja walewale. Mwokaji mikate aliyeungua usoni, akatibiwa nje ya mji. Mwadhini wa msikitini aliyepasuliwa koo kuondolewa uvimbe. Mafundi walioangukiwa na vioo vya umeme wa jua wakarudi kutoka hospitali za mbali na miguu ya bandia. Kila mmoja alikuwa kwenye kijumba chake, na kila siku mgao wake wa maji uliwekwa, ukakosa mtu wa kufungua bomba, ukarudi kwenye akiba ya mji. Kila mmoja alihesabiwa. Hakuna aliyeweza kuingia.

Aliuchukua ule uchunguzi akaupeleka kwa Mkurugenzi Rukwaro, ambaye ofisi yake ilitazama bwawa la Baraza, lile lililozungukwa na maua, lenye mirija inayorusha maji juu kuliko minara ili wageni wapige picha. Rukwaro alikuwa mtu wa sauti laini na kucha safi. Hakushangaa. Alisema hivyo huitwa vijumba baridi, kwamba alijua vipo tangu zamani, na kwamba wahusika walishauriwa wajisajili upya.

"Kama wahamiaji," alisema Talaso. "Bila nyumba. Bila watoto wao."

Mkurugenzi alisema utaratibu haukuwa kamilifu, lakini ulikuwa utaratibu. Akaongeza kwamba maji ya akiba tayari yalikuwa na matumizi. Hakugeuka kulitazama bwawa. Hakuwa na haja, lilikuwa likinguruma nyuma yake kama mnyama aliyeshiba.

Talaso alikuwa amewadharau watu wengi katika maisha yake, wengine kwa uvivu wao na wengine kwa ujinga. Lakini uvivu na ujinga angalau ni upungufu. Huyu hakupungukiwa na kitu. Alijua, alihesabu, kisha akapanda maua.

Hata hivyo Rukwaro hakuwa mtu wa kukosa zawadi. Habari za Mheshimiwa Mwachofi zilikuwa zimemfikia, alisema, na ilikuwa aibu kwa mwasisi wa Kamusi kulala kwa kibali. Alimruhusu mhandisi mkuu amrekebishe kwa mkono leo hii. Huyo mmoja.

Kumrekebisha kulikuwa kazi ya kupepesa jicho. Talaso aliitoa thamani kutoka chini ya ufunguo wa mwili wa zamani, akaiweka chini ya ufunguo wa mwili huu mpya uliovunjika. Kutoa na kuweka, basi. Mwachofi alikanyaga bamba, na Kamusi ikamwita kwa jina lake lote na cheo chake. Mzee alilia. Mkamburi alikaa juu ya kikapu chake akalia pia.

Talaso aliwangoja wamalize. Kisha akamwambia Mwachofi juu ya wale wengine, mmoja mmoja, kwa majina. Alimwambia kwamba yeye ni mjumbe, kwamba Baraza lingemsikiliza kwa kuwa amepitia, na kwamba akisimama mbele yao kwa mdomo ule uliopinda aseme neno moja tu, watatikisika.

Ilimchukua muda kuyapanga maneno.

"Nimechoka, Talaso," alisema. "Anza na mimi. Wengine watafuata."

"Wewe nimeshakuanza. Sasa ndio hao wengine."

Mwachofi aligeuka. Alimshika mkewe bega, wakaondoka, na mlango ukawafungulia kwa furaha kama mbwa wa nyumbani. Talaso alibaki akimtazama kisogo. Alikuwa amemchukia mtu huyu ujana wake wote, na sasa aligundua, kwa kuudhika, kwamba siku zote alikuwa akimchukia mtu mkubwa kuliko huyu.

*

Siku iliyofuata ruhusa ya kurekebisha kwa mkono iliondolewa mikononi mwake. Rukwaro hakuwa mjinga.

Lakini palikuwa na jambo moja ambalo hakuna mkurugenzi aliyeweza kumnyima mhandisi mkuu: matengenezo ya mwaka. Katika matengenezo aliruhusiwa kuipanga Kamusi upya anavyoona inafaa, mradi atangaze mapema. Talaso akatangaza. Safari hii angemwaga vijumba vyote na kuvijaza upya chini ya ufunguo wa aina nyingine. Mwili ungeondolewa kwenye ufunguo, ukapelekwa upande wa thamani pamoja na mambo mengine yanayoweza kubadilika. Ufunguo ungekuwa neno lililochorwa kwenye kibati kidogo cha kuvaa shingoni, neno moja kwa kila mtu, lisilobadilika tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Kila nyumba ingechapa vibati vya wote walioandikwa humo, wakiwemo wa vijumba baridi, na wenye nyumba ndio wangekabidhiana, maana mtu haihitaji mashine imtambulishe mama yake.

Tatizo lilikuwa katikati. Kuanzia vijumba vinapomwagwa hadi vinapojaa tena, Kamusi isingeweza kujibu swali lolote, na mlango wa Chalbi usipopata jibu hufunguka. Sheria hiyo iliwekwa baada ya moto mmoja uliowaua watu nyuma ya milango iliyokuwa ikisubiri kuambiwa. Kwa hiyo mchana mmoja, kutoka adhuhuri mpaka kivuli kirefuke, kila mlango wa mji ungekuwa wazi kwa kila mtu.

Wenye mali walipiga kelele, na Talaso aliwajibu kwa tangazo la pili lililowashauri wanunue komeo. Magereza yalitafutiwa kufuli za chuma na walinzi wa ziada, wodi za homa vilevile. Alikwenda mwenyewe nje ya kuba, Kambi ya Wageni, ambako waliopotea waliishi wakifuta vumbi kwenye vioo vya jua na kunywa maji ya tangi yenye ladha ya kutu. Aliwaambia wawe langoni siku ile. Mwokaji aliyeungua, mwanamke aitwaye Arbe, alimuuliza kama watoto wake watajua ni yeye. Talaso alimwambia hilo halimo katika kazi yake. Arbe alitikisa kichwa kukubali. Alionekana kuridhishwa na jibu lisilo na sukari.

Mkurugenzi Rukwaro alingoja mpaka maandalizi yamekamilika ndipo akamwita.

Hakumtisha. Alimwambia tu kwamba baada ya matengenezo Baraza litamwachisha kazi, jambo ambalo wote wawili walilijua. Kisha akamtajia jina: Kagendo, mshonaji, mtaa wa Nguzo. Mumewe, Mutembei, alikuwa amemvunja mbavu, akatumikia kifungo chake, akatoka. Amri ya mahakama ilikuwa ndani ya Kamusi, kwenye thamani ya Kagendo: mlango wake usimfungulie mtu huyo kamwe.

"Mchana ule," alisema Rukwaro kwa upole, "mlango wa Kagendo utamkataaje?"

Talaso alifahamu vizuri kwamba mtu huyu hajawahi kumfikiria Kagendo hata mara moja kabla ya leo. Kwamba alimwokota kwenye faili kama mtu anavyookota jiwe la kumtupia mbwa. Alimwambia hivyo usoni. Lakini jiwe lilikuwa limempata. Alikuwa amekumbuka wafungwa, wagonjwa, watoto wachanga na majambazi, na hakumkumbuka mwanamke huyu.

*

Kagendo alimpokea mlangoni, hakumkaribisha ndani. Alikuwa na utepe wa kupimia shingoni na pini mdomoni, akazitoa moja moja akizichomeka kwenye mkono wa gauni lake wakati Talaso akieleza. Talaso alieleza kama alivyozoea kueleza, kwa mpangilio, akianza na waliopotea. Alipofika kwenye mchana wenyewe, Kagendo aliacha kuchomeka pini.

"Hapana," alisema.

Talaso alimwambia angeweza kupelekwa kwa mtu mwingine kwa siku ile, au kituo cha polisi.

"Mama Mhandisi, nimeshahamia kwa dada, nikahamia kwa mchungaji, nikahamia kwa polisi. Kote alibisha hodi, kote mtu akasema tuyazungumze. Mlango huu ndio wa kwanza kusema hapana kwa niaba yangu bila kuniuliza nilimkosea nini. Na wewe unataka kuunyamazisha."

"Kuna watu mamia nje ya kuba."

"Nimekusikia. Nawaonea huruma. Lakini mimi sikuwatoa, na hukuja kuniuliza, umekuja kuniarifu."

 Talaso alirudi ofisini akaketi mbele ya Kamusi. Angeweza kufuta matengenezo. Rukwaro angemshukuru, bwawa lingeendelea kuruka, na Arbe angeendelea kufuta vioo mpaka mwanawe wa mwisho aoe. Au angeendelea, na mwanamke mmoja ambaye hakuwa na hatia yoyote angelipa bila kukubali kulipa. Alijaribu kuhesabu, mamia kwa mmoja, na hesabu ilitoka vizuri mno. Ilinukia ofisi ya Rukwaro. Hivi ndivyo na Rukwaro alivyoanza, aliwaza, kwa hesabu iliyotoka vizuri.

Mwisho aliamua kuendelea, na hakujidanganya kwamba uamuzi ule ulikuwa safi. Aliwapa wasaidizi wake maelekezo ili kazi iende bila yeye kuwapo. Kisha akaenda stoo ya mafundi, akachukua mtaimbo.

*

Adhuhuri ilipofika milango ilifunguka yote kwa pamoja, na mji ukatoa pumzi ndefu. Upepo wa jangwa uliingia hadi vyumba ambavyo havikuwahi kuonja vumbi. Talaso alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango wa Kagendo, mtaimbo mapajani. Kagendo alipomwona hapo alimtazama mikono yake myembamba, na uso wake ulisema waziwazi alivyomthamini kidogo mlinzi huyo. Aliingia ndani. Talaso alisikia meza ikiburutwa.

Kutoka pale aliwaona wakipita. Walitoka upande wa lango wakitembea katikati ya barabara, wakitazama juu ya milango wasome majina ya mitaa waliyokuwa wameisahau nusu. Arbe alipita amejifunika mtandio, akiwa amekaza mwendo. Wakazi walisimama vizingitini kwao na fagio na vipande vya mbao, wakiwangoja majambazi, na walipoona ni hawa tu, baadhi waliona haya wakashusha fagio. Wengine hawakushusha. Mtaa wa juu, alikuja kusikia baadaye, Mheshimiwa Mwachofi alikuwa amesukuma kabati nyuma ya mlango wake uliokuwa wazi, akaketi nyuma ya kabati.

Mutembei alikuja kivuli kilipoanza kurefuka. Alikuwa mtu wa kawaida, shati lililopigwa pasi, mfuko wa matunda mkononi. Alimwamkia Talaso kwa heshima, akasema amekuja kumwona mke wake.

"Rudi," alisema Talaso.

Alitabasamu, akaeleza kwamba hana ugomvi, kwamba ameleta machungwa, kwamba mambo ya mke na mume mtu wa nje hayajui. Hata mlango leo haumkatai, alisema. Yeye bibi ni nani?

Talaso alimtazama. Alimtazama kwa macho yaleyale aliyowatazamia wajumbe, wakurugenzi, makarani na wenye mali, macho yaliyokuwa yamewafanya watu wazima wasahau walichotaka kusema, ila hakuwahi kuyafungua yote kama alivyoyafungua sasa. Aliiona pasi ya shati, aliyaona machungwa, akayaona mazoezi ya lile tabasamu.

"Wewe ni mtu mdogo sana," alimwambia. "Umewekewa amri nzima ya mahakama, na hukustahili hata komeo."

Tabasamu lilimtoka. Alimpiga kwa mkono wenye mfuko, machungwa yakatawanyika barabarani, na Talaso akaanguka kando ya kigoda, akasikia mfupa wa mtulinga ukivunjika kama kijiti kikavu. Mutembei alimruka. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti Talaso alipouzungusha mtaimbo kwa mkono uliobaki, chini kabisa, bila hasira, kama mtu anavyofyeka nyasi. Ulimpata kwenye goti. Alianguka nusu ndani nusu nje, akapiga ukelele mmoja mrefu.

Watu walikuja. Milango yote ilikuwa wazi, hakuna aliyeweza kusema hakusikia. Fundi seremala wa nyumba ya pili ndiye aliyemburuta Mutembei hadi barabarani na kumkalia mgongoni mpaka Kamusi ilipojaa, milango ikafunga mji mzima kwa kishindo kimoja, na polisi wakafika.

*

Baraza lilimwachisha Talaso kazi akiwa bado hospitalini. Kura zilikuwa wazi, na ya Mwachofi ilikuwa miongoni mwa zilizomkataa. Alisema, kwa maneno yake yaliyolowa, kwamba taratibu ziheshimiwe. Talaso alipoambiwa alicheka mpaka bega likamuuma. Bwawa lilikauka baada ya siku chache, kwa kuwa waliorudi sasa walifungua mabomba, na wakazi waliozoea kupiga picha pale walimlaani mhandisi aliyeua maua ya mji. Kati ya waliorudi, wapo waliopokewa kwa vigelegele. Wapo waliokuta kitanda chao kina mtu mwingine. Mtoto mdogo wa Arbe alikimbia kujificha alipomwona, na ilimbidi mama akae kizingitini akiimba mpaka yule mtoto aikumbuke sauti.

Kagendo alikuja kumtembelea na chupa ya uji wa wimbi. Alimimina kikombe, akakiweka mahali ambapo mkono mzima wa Talaso ungekifikia, akaketi. Kibati kipya kilikuwa shingoni mwake, kando ya utepe wa kupimia.

"Usidhani nimekuja kukushukuru," alisema.

"Sijadhani."

"Mchana ule nilikaa chini ya meza na mkasi. Nilimsikia akikuamkia. Nilijikojolea, mama, mtu mzima mimi. Mlango sasa umerudi, amri imo, yeye yuko jela tena, goti limekwisha. Kila mtu ananiambia yameisha vizuri."  "Ungeniuliza leo, ningesema hapana tena."

Talaso alimtazama. Alijaribu, kwa mazoea tu, kumwona mdogo, kama alivyowaona wote. Hakuweza.

"Ungekuwa na haki," alisema, "na mimi ningefungua tena."

Kagendo aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa kipimo alichokwisha kukichukua. Hakuondoka. Alisema uji unapoa, na Talaso akanyoosha mkono wake mmoja akakishika kile kikombe kilichokuwa bado cha moto.